Mzee Wangu, Kijana Asibadili Injini

Neno hili nilipaswa kukuambia ana kwa ana, Jumapili ile baada ya khitma, pale ukumbini Small Heath, sinia za pilau zilipokwisha ondolewa na birika la chai ya tangawizi likawa linazunguka. Nilinyamaza. Ulikuwa umezungukwa na watu, wewe ndiye mkubwa wetu, na mimi nimelelewa kwamba mkubwa hakatizwi mbele za watu. Lakini neno ulilolisema halikubaki pale ukumbini. Limekwenda na kijana hadi kwa fundi, na sasa linataka kula pesa zake. Basi niwie radhi, nakujibu hapa, tena mbele za watu wengi zaidi.

Kwa wasomaji ambao hawakuwapo, kisa ni hiki. Kijana wetu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, amepata zamu yake ya upatu: paundi 3,000, miezi kadhaa ya kujinyima. Ana Vauxhall Zafira ya petroli ya mwaka 2007, gari zima, halina tatizo ila linakunywa, kama magari yote ya petroli ya umri ule. Alfajiri anafanya usafi maofisini katikati ya mji, mchana anapeleka vifurushi. Akauliza mbele ya wazee: nifanye nini nipunguze gharama ya mafuta? Wewe mzee ukajibu bila kusita: "Toa hiyo petroli, tia dizeli. Injini ya dizeli ipo kwenye yadi ya magari chakavu, fundi yupo, baada ya mwaka pesa yako imerudi." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi pia nilitikisa, Mungu anisamehe.

Haya, tuchukue kalamu na karatasi, maana mambo ya pesa hayafanywi kwa kutikisa vichwa.

Tuseme gari lake linakwenda maili 38 kwa galoni moja ya petroli, na likitiwa dizeli litakwenda maili 50. Hapo nimempendelea mzee kidogo. Tuseme anaendesha maili 8,000 kwa mwaka. Kwa petroli atahitaji lita kama 957, kwa dizeli lita 727. Tena hapa Uingereza, kwa miaka mingi sasa, dizeli imekuwa ghali kuliko petroli kwenye kituo kile kile. Tuseme petroli ni paundi 1.40 kwa lita na dizeli paundi 1.48. Petroli ya mwaka mzima ni paundi 1,340. Dizeli ni paundi 1,076. Faida yake yote, kwa mwaka mzima wa kunusa moshi, ni paundi 264. Gawanya zile 3,000 kwa 264, utapata miaka kumi na moja na zaidi. Zafira ya 2007, mzee wangu! Baada ya miaka kumi na moja hiyo itakuwa imekwisha sagwa ikawa masufuria.

Na hapo tumedhani kwamba paundi 3,000 zitatosha. Hazitoshi, na nitaeleza kwa nini, kwani hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Wanadhani injini ni kama moyo wa mbuzi, unatoa huu unatia huu.

Injini ya petroli hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta kama mara kumi hivi, kisha plagi ikatoa cheche. Ya dizeli haina plagi ya cheche. Inabana hewa peke yake, mara 16, hata mara 20 na zaidi katika zile za kizamani, mpaka hewa yenyewe ikawa moto, ndipo nozeli zikanyunyiza dizeli ikawaka. Kwa hiyo injini ya petroli haigeuzwi kuwa ya dizeli kwa kubadili vitu viwili vitatu juu yake, inang'olewa yote. Na ikitoka, inaondoka na jamaa zake. Vishikizo vya injini ni vingine. Klachi ni nyingine, na mara nyingi giaboksi pia, kwa sababu dizeli ina nguvu chini na haipendi kuzungushwa kwa kasi. Betri na stata lazima ziwe kubwa, maana kubana hewa mara 20 si mchezo. Tanki lioshwe, paipu za mafuta zibadilishwe, uwekwe mrija wa kurudisha dizeli isiyotumika, na filta ya kutenganisha maji. Breki nazo! Watu wanasahau breki. Kwenye injini ya petroli, ule mvuto wa hewa ndani ya injini ndio unaosaidia mguu wako kwenye pedali. Dizeli haina mvuto ule, kwa hiyo inataka pampu yake ya kuvuta hewa. Fundi asiyelijua hilo atakupa gari linalokimbia lakini halisimami.

Kwa gari la miaka ya 1970 kazi ingeishia hapo. Kwa Zafira ya 2007 hapo ndipo inapoanza, kwa sababu kuna kompyuta inayoongea na ufunguo, ufunguo unaongea na injini, injini inaongea na dashibodi, na wote wanaongea lugha ya petroli. Wiki mbili za fundi wa umeme hizo. Na fundi wa umeme wa mji huu analipwa kwa saa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikose usingizi. Mzee wangu, wewe umestaafu, unakwenda dukani na msikitini, barabara ya katikati ya mji huihitaji. Kijana anaingia huko kila siku. Tangu tarehe 1 Juni 2021 eneo lote lililo ndani ya barabara ya mzunguko, ile A4540 tunayoiita Middleway, ni eneo la hewa safi. Kamera zinafanya kazi saa 24, hata sikukuu. Gari la petroli lililofikia kiwango cha Euro 4, yaani karibu yote yaliyosajiliwa kuanzia 2006, linapita bure. Gari la dizeli linapita bure likiwa Euro 6 tu, yaani kwa kawaida lililotoka kuanzia Septemba 2015. Yaliyobaki yanalipa paundi 8 kwa siku, na usipolipa ni faini ya paundi 120, hupungua nusu ukiwahi ndani ya siku 14.

Fahamu maana yake. Leo hii kijana anaingia mjini bure, kwa sababu gari lake ni la petroli la 2007. Ile injini ya dizeli ya yadini, ya 2008 au 2009, haifiki Euro 6 hata uiombee dua. Siku atakapoitia na kuisajili, kila alfajiri akienda kusafisha ofisi za watu atadaiwa paundi 8. Ile faida yake ya paundi 264 itakwisha kwa siku 33 za kazi. Siku 33! Wiki saba hazitatimia. Kwa wiki 46 za kazi atalipa paundi 1,840. Huyu ndiye tuliyekaa tukamshauri apunguze gharama.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu nililisikia pale pale likinong'onwa na mtu wa pembeni: "Basi asiseme. Abadili injini, kadi ya gari ibaki inasema petroli, kamera itajuaje?" Ndugu, huo si ushauri, huo ni mtego. Sheria ya hapa inataka ofisi ya usajili wa magari, DVLA, ijulishwe injini ikibadilishwa na aina ya mafuta ikibadilika. Kampuni ya bima nayo inataka kujulishwa. Siku akigongana na mtu pale Coventry Road, mtu wa bima atafungua boneti, aone injini ambayo haimo kwenye karatasi yoyote, afunge boneti na afunge na faili. Sisi watu wa kuja hatuhitaji sababu ya ziada ya karatasi zetu kutiliwa shaka.

Mzee wangu, hekima yako sitaki kuidharau. Najua ilikotoka. Wewe uliingia nchi hii wakati dizeli ilikuwa inasifiwa na serikali yenyewe. Kuanzia Machi 2001, chini ya Gordon Brown aliyekuwa Waziri wa Fedha, kodi ya barabara kwa magari mapya ilianza kupimwa kwa hewa ya ukaa inayotoka kwenye ekzosi. Dizeli hutoa hewa hiyo kidogo zaidi kwa kila maili, na lita yake moja ina nguvu zaidi ya petroli kwa asilimia kama 10 hadi 15. Watu wakafanya hesabu wakahamia. Mwaka ule magari mapya ya dizeli yalikuwa chini ya moja katika kila matano. Miaka kumi baadaye yakawa nusu. Walionunua dizeli mpya kutoka kiwandani wakati ule hawakuwa wajinga.

Ila kuna vitu ambavyo kodi ile haikuvipima: masizi, na gesi za naitrojeni zinazochoma mapafu. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO likatangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Septemba 2015 ikafichuka Marekani kwamba Volkswagen walikuwa wametia programu ya kudanganya vipimo, na magari yaliyohusika yakafika kama milioni 11 duniani. Tangu hapo upepo umegeuka, na kwa sisi wa Sparkbrook, Small Heath na Bordesley Green, ambao watoto wetu wanatembea kwenda shule kando ya foleni, sioni sababu ya kuusikitikia upepo wa zamani.

Tena dizeli za miaka ile ya 2008 zilikwisha anza kufungwa kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho hujisafisha gari likienda mbali kwa mwendo wa kutosha, likapata joto. Kijana wetu anakwenda maili mbili, anazima, maili moja, anazima. Kitaziba. Na ole wake fundi atakayemwambia akikate akitupe, kwa sababu tangu Februari 2014 gari lililotoka nacho kiwandani halipiti ukaguzi wa MOT likikutwa bila kichujio. Kwa gari la kubandikwa mtu anaweza kubishana na mkaguzi. Abishane, ila asubuhi yake ya kazi itakuwa imepotea.

Mtauliza, na wewe mwandishi umeyajuaje haya yote, au unasoma magazeti tu? Mimi nimeyanunua maarifa haya kwa pesa taslimu.

Mwaka 2004 mimi na kaka zangu wawili tulichanga kumnunulia dada yetu gari la kazi. Yeye na shemeji wako Soni, njia ya Lushoto, wanalima kabichi, karoti na pilipili hoho. Mboga ya kule haina shida ya kuota, shida ni kuiteremsha. Nikapata hapa Land Rover 110 pikapu, ya petroli, V8, kwa bei ya kutupa. Nilifurahi kama mtoto: gari lililozaliwa Solihull, maili chache tu kutoka nyumbani kwangu, kiwanda kinachotengeneza Land Rover tangu 1948, liende likapande milima ya Usambara! Bei ilikuwa ya kutupa kwa sababu moja. V8 ile ikienda maili 15 kwa galoni unashukuru. Mtu akaniambia maneno yale yale uliyosema wewe mzee: toa petroli, tia dizeli.

Injini tuliyopata ilikuwa 200Tdi, kutoka kwenye Discovery iliyogongwa uso. Paundi 550. Nikasema, kumbe rahisi hivi! Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Giaboksi ya V8 ilikataa kuungana na injini ile mpaka litengenezwe bamba la kuunganishia. Ekzosi haikupita ilipotakiwa kupita, ikabidi ichomelewe upya. Rejeta tuliiacha ile ile ya zamani kwa sababu pesa zilikuwa zinakwisha na meli ilikuwa inakaribia. Mpaka gari linatoka gereji tulikuwa tumetumia paundi 2,300 juu ya bei ya gari, na kwa jumla ya pesa ile ningeweza kununua 110 iliyozaliwa na dizeli, yenye karatasi zake, nikabaki na chenji.

Karatasi! Kosa langu mwenyewe, simlaumu mtu. Kadi niliiacha inasema petroli, V8, na namba ya injini ya zamani. Bandarini wakafungua boneti wakakuta jingine. Gari likalala, siku zikahesabiwa, na kila siku ina bei yake. Msimu wa kabichi haungoji meli wala mwandishi.

Lilipotoka, shemeji akalipandisha. Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto anajua ninachosema: kilomita zipatazo 33, kona juu ya kona, jabali upande huu na korongo upande ule. Safari ya tatu, wakiwa na mifuko ya mbolea nyuma, likachemsha kabla ya kufika Soni, gasketi ya silinda hedi ikaungua. Labda injini ilikwisha umia siku ile ya ajali ya Discovery, labda ni ile rejeta niliyoionea ubahili. Wakatengeneza. Mwezi wa pili pampu ya nozeli ikakwama, na fundi alipoonja dizeli ya tankini alisema ina mafuta ya taa. Wakati ule kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli ilikuwa biashara kamili nyumbani, mpaka Tanzania ikapandisha kodi ya mafuta ya taa katika bajeti ya 2011 ili kuizima, na Kenya nayo ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiipa mafuta ya taa inajisaga. Spea ya Toyota na ya Isuzu ungeipata mpaka Mombo. Ya 200Tdi, mzee wangu, dada alinipigia simu niitafute Birmingham.

Msimu ule dada alikodi Fuso kuteremsha kabichi, kwa bei aliyoitaja mwenye Fuso, na mtoto wake wa pili akarudishwa shule kwa ajili ya ada. Ada ile niliilipa mimi kwa aibu. Pikapu ipo hadi leo nyuma ya nyumba. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Sitaki kuwa mtu wa kukataa kila kitu. Ipo hali ambayo kubadili kunalipa, na mafundi wa Arusha wanaijua kuliko mimi. Mtu ana Land Rover au Land Cruiser nzito yenye injini kubwa ya petroli, bodi na chasisi nzima, anaendesha maili nyingi porini, na pembeni ana gari jingine zima la dizeli lililokufa bodi, ambalo injini, giaboksi, rejeta na nyaya zake zote anazihamisha kwa pamoja. Kutoka maili 15 kwa galoni hadi 25, kwa mtu wa maili 12,000 kwa mwaka, ni galoni 320 alizookoa, na pesa inarudi mapema. Lakini hesabu ile ni ya mtu wa maili nyingi, gari zito, spea jirani na fundi anayelala mtaa wa pili. Msiichukue mkaileta Small Heath kwenye Zafira.

Na kuna jambo lingine kwa wale wanaofikiria kupeleka magari nyumbani. Dar es Salaam sasa watu wanabadilisha magari kweli kweli, lakini hawaendi kwenye dizeli. Wanaacha injini ya petroli ilivyo, wanafunga mtungi nyuma, wanatumia gesi asilia, ile inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay. Mpaka bajaji zinafungwa, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, inaifanya kazi hiyo. Gesi inaikubali injini ya petroli kwa sababu ina plagi. Dizeli haina plagi, kwa hiyo kuitia gesi ni kazi kubwa zaidi. Anayeng'oa petroli leo akatia dizeli, halafu akalipeleka gari Dar, amelipa pesa kuufunga mlango ambao wenzake wanaupitia.

Kijana alinipigia simu Jumatatu. Fundi ameshamwomba paundi 400 za kuanzia, na injini ya yadini imewekewa alama ya chaki. Yake mwenyewe bado haijashushwa. Nilimuuliza mara ya mwisho alibadilisha plagi lini, akacheka, akasema hajui. Filta ya hewa? Hajui. Matairi mawili yana upepo pungufu, na juu ya gari ana kile chuma cha kubebea mizigo ambacho hajakitumia tangu ahame nyumba. Nimemwambia aanze na hayo, paundi mia hazitaisha, na hizo 400 asizitoe mpaka gazeti hili limfikie mzee na mzee amjibu. Anakusikiliza wewe kuliko mimi. Mpigie.